Jinsi ya Kumwona Amiba Akitembea na Kula: Mwongozo Kamili kwa Mwenye Hadubini ya Shule

Wanaojaribu kumtazama amiba, kiumbe mdogo wa seli moja, hapa Lamu hurudi na lalamiko lile lile. Maji yamechotwa, tone limewekwa kwenye hadubini, vidude vinavyokimbia huku na huko vimeonekana, lakini amiba hakuonekana. Wengine huamua kwamba maji yetu hayana amiba.

Wamo. Mara nyingi amiba huwa papo hapo kwenye tone, amejikunja kuwa kidonge kwa sababu ametikiswa, na mwanga mkali unampenya hadi jicho lisimtambue. Ukipunguza mwanga na ukasubiri robo saa bila kugusa kitu, umeondoa sehemu kubwa ya tatizo. Hatua zilizobaki ni za kuhakikisha kwamba ulichokiweka chini ya lenzi kina amiba kweli.

## Vitu vya kutayarisha kwanza

- Hadubini ya kawaida yenye lenzi za 4, 10 na 40. Lenzi ya 100 ya kutumia mafuta haihitajiki.
- Slaidi safi na vioo vyembamba vya kufunikia.
- Bomba la sindano la mililita 5, bila sindano yake, na kipande cha mrija mwembamba wa plastiki cha kuchomeka mdomoni mwake.
- Chupa mbili au tatu za kioo zenye mdomo mpana, kama zile za jamu, zilizooshwa na kusuuzwa mpaka harufu ya sabuni imekwisha kabisa.
- Maji ya mvua, lita moja au mbili.
- Punje chache za mchele au ngano.
- Mafuta ya mgando kidogo, karatasi za shashi, uzi mwembamba wa kushonea.
- Glavu, sabuni, daftari, penseli na saa.

Maji ya mvua nimeyataja kwa makusudi. Visima vingi vya mji wa Lamu vina chumvi, na amiba wa maji baridi hastahimili kutiwa ghafla kwenye maji ya chumvi. Maji ya mfereji nayo yakiwa yametiwa klorini yatawaua. Kama huna maji ya mvua, yaache ya mfereji wazi kwa siku nzima kabla ya kuyatumia, au nunua maji ya chupa.

## Tahadhari kabla ya kuchota

Usitumie kinyesi cha mtu yeyote, hata kama umesikia kwamba ndimo amiba hupatikana. Huyo wa tumboni, *Entamoeba histolytica*, huleta kuhara damu, na mahali pake ni maabara ya hospitali. Tunayemtafuta hapa huishi huru majini, na anayejulikana zaidi kati yao, *Amoeba proteus*, hamdhuru mtu.

Hata hivyo maji yaliyotuama huwa na viumbe wengi. Wako amiba wachache wanaoweza kumdhuru mtu wakipita puani au wakiingia jichoni. Kwa hiyo vaa glavu, usivute maji kwa mdomo, usijirushie usoni, na kama unavaa lenzi za macho usizishike kabla ya kunawa kwa sabuni.

Anayechota bara, kwenye madimbwi ya mahali paitwapo Hindi au kando ya Ziwa Kenyatta kule Mpeketoni, asiingie majini kwa miguu. Kichocho hupatikana kwenye maji baridi ya pwani, na katika ziwa hilo wamo viboko. Funga chupa kwenye ufito, uchote ukiwa ukingoni.

## Hatua ya 1: Chota uchafu wa chini

Hapa ndipo wengi huanza kukosea. Wanachota maji safi ya juu kwa sababu yanapendeza machoni. Amiba hatembei kwenye maji matupu. Anahitaji kitu cha kushika: jani lililooza, tope laini, utando wa kijani ukutani. Chota huko.

Lamu ina mahali pazuri pa kuanzia kuliko watu wanavyodhani. Hodhi la kunyweshea punda ambalo halijasuguliwa kwa wiki kadhaa ni hazina. Utando wa kijani ulio chini ya mtungi unaovuja ni mzuri vilevile. Birika (matangi ya maji) za nyumba za kale, zile zinazowekwa samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu, huwa na matope mepesi chini yanayofaa sana, maadamu mwenye nyumba amekubali. Birika la kutawadhia msikitini liache, au uombe idhini kwanza.

Ingiza mrija polepole mpaka uguse chini, kisha vuta matope na maji kidogo. Kwangua pia utando wa kijani ukutani. Jaza robo ya chupa, kisha ongeza maji ya mvua hadi nusu. Weka na kipande cha jani lililooza kutoka palepale.

Dalili ya mafanikio: baada ya saa moja tope limetulia chini, maji ya juu ni meupe au ya kijani kidogo, na hayanuki kama yai bovu. Yakinuka hivyo, hewa imekwisha humo. Mwaga uchote mahali pengine.

## Hatua ya 2: Lisha chupa, kisha iache

Chemsha punje nne za mchele kwa dakika tano, zipoe, uzitumbukize kwenye chupa. Nne zinatosha. Anayetia kijiko kizima atapata maji ya mchele yaliyochacha na hakuna kitakachoishi humo.

Punje hizo hazimlishi amiba moja kwa moja. Zinalisha bakteria, bakteria wanaliwa na viumbe wadogo waogeleao, na hao ndio chakula cha amiba. Mlolongo huo unahitaji muda. Siku za mwanzo utaona bakteria tu na vidude vinavyokimbia. Amiba hushamiri kuanzia wiki ya pili au ya tatu, wakati wengi wameshakata tamaa na kuimwaga chupa.

Funika kwa kitambaa chepesi ili hewa ipite na mbu wasitage. Weka mbali na jua. Amiba wakubwa hupenda ubaridi, karibu nyuzi 18 hadi 24, nasi wakati wa kaskazi chumba cha mabati hupita hapo kwa mbali. Chumba cha chini cha nyumba ya mawe, chenye ukuta mnene, ndicho mahali pake. Kama huna, simamisha chupa kwenye sinia lenye maji kidogo kando ya mtungi. Anayeweza kungoja afanye kazi hii wakati wa kusi, joto linapopungua.

## Hatua ya 3: Tega slaidi ndani ya chupa

Hii ndiyo njia ninayoisisitiza kuliko zote. Badala ya kuvuta tone na kuomba bahati, laza slaidi safi juu ya tope ndani ya chupa uiache siku mbili au tatu. Amiba watatambaa juu yake wenyewe na kushika kioo, mahali hasa unapotaka kuwaona.

Siku ya kutazama, itoe slaidi kwa upole ikiwa imelala. Futa upande wa chini kwa shashi. Upande wa juu uache na maji yake. Weka vipande viwili vifupi vya uzi, kimoja kila upande, kisha shusha kioo cha kufunikia ukianza na ukingo mmoja ili hewa isinaswe. Uzi unazuia kioo kuwaponda; bila huo, amiba mkubwa hupasuka, nawe utaona chembechembe zilizomwagika ukadhani ni uchafu.

Paka mafuta ya mgando kidogo kuzunguka kingo za kioo. Kwa joto letu tone hukauka upesi, na maji yakipungua chumvi iliyomo huzidi kukolea. Amiba hujikunja na mchezo umekwisha.

Kama chupa yako haikupitisha slaidi, vuta tope kwa bomba, weka tone moja tu, kisha endelea vivyo hivyo.

## Hatua ya 4: Punguza mwanga

Weka lenzi ya 4 kwanza. Funga diaframu (tundu la kupunguza mwanga) iliyo chini ya jukwaa mpaka picha iwe na kijivu na kingo za vitu zionekane nyeusi kidogo. Kama hadubini yako ina kikondensa (lenzi ya chini inayokusanya mwanga), kishushe.

Sababu ni hii: mwili wa amiba ni angavu, karibu sawa na maji yanayomzunguka. Mwanga mwingi ukipita kutoka kila upande hakuna kivuli kinachobaki cha kumtofautisha. Isitoshe, mwanga mkali wa ghafla humfanya asimame. Kwa hiyo hata ukimpata, usiufungue mwanga kwa furaha.

Dalili ya mafanikio: unaona mipaka ya punje za mchanga, nyuzi za mwani na hata vitu visivyo na rangi. Kama uwanja wote ni mweupe unaoumiza macho, bado.

## Hatua ya 5: Ngoja, kisha tafuta

Weka slaidi kwenye jukwaa na usiiguse kwa dakika 15. Amiba aliyetikiswa huachia kioo na kuvuta ndani miguu yake bandia yote, yaani sehemu za mwili anazozichomoza ili atambae. Akianza kutulia hutoa vidole kila upande, akitafuta pa kushika. Akishashika ndipo anapochagua njia na kurefuka.

Baada ya hapo pita slaidi nzima kwa mistari, kutoka kushoto kwenda kulia, ukishuka kidogo kidogo, kwa lenzi ya 4 halafu ya 10. Tafuta doa la kijivu au la hudhurungi hafifu, lenye punjepunje ndani na ukingo mwangavu usio na punje. Umbo lake halitabiriki.

Ukubwa utakusaidia. Tazama namba ya uwanja iliyoandikwa kwenye lenzi ya jicho. Ikiwa ni 18, basi kwa lenzi ya 10 duara unaloliona lina upana wa milimita 1.8. *Amoeba proteus* aliyejinyoosha anaweza kufika nusu milimita, zaidi ya robo ya duara hilo. Lakini wengi utakaowapata ni wa aina ndogo zaidi, mikromita 20 hadi 50 (mikromita elfu moja ni milimita moja), na hao wanahitaji lenzi ya 40.

Usidanganywe na hawa: povu la hewa lina ukingo mweusi mnene na ni duara kamili, wanga wa mchele ni vijipunje visivyobadilika umbo kamwe, bonge la uchafu husogea, lakini husogea lote kwa pamoja likibebwa na maji. Kama una shaka, chora ukingo wake kwenye daftari. Chora tena baada ya dakika moja, mara tano. Amiba atakupa michoro mitano isiyofanana. Mimi naamini penseli kuliko kamera ya simu hapa, kwa sababu mkono unaochora hulazimisha jicho lifuate ukingo.

## Hatua ya 6: Tazama jinsi anavyotembea

Sasa usisogeze kitu. Chagua kijipunje kimoja ndani ya mwili wake ukifuate kwa macho.

Utakiona kikikimbia katikati ya mwili kuelekea mbele. Kikikaribia ncha ya mguu bandia kitapunguza mwendo, kitageuka pembeni, kisha kitasimama ukutani. Hapo kitabaki huku mwili ukipita mbele yake. Baada ya muda kitajikuta nyuma kabisa, kitalegea, na kuanza safari upya katikati. Ukiona mzunguko huu mzima mara moja, umeelewa jambo ambalo mchoro wa kitabu hauwezi kulionyesha.

Saitoplazimu ya amiba, yaani ute unaojaza seli yake, ina hali mbili. Ya katikati ni majimaji inayotiririka; ya pembeni ni nzito, karibu kuganda, kama uji ambao umepoa juu ukiwa bado wa moto ndani. Tofauti ni kwamba kwa amiba hali hizi hubadilishana bila kukoma: mbele majimaji huganda na kuwa ukuta, nyuma ukuta huyeyuka na kuwa majimaji.

Kinachofanya kazi hiyo ni protini. Nyuzi nyembamba za aktini hujengwa chini ya utando wa seli upande wa mbele. Protini nyingine, mayosini, huzishika nyuzi na kuzivuta, na mvuto huo hukaza ukuta na kusukuma majimaji mbele. Mguu bandia basi haukuwepo dakika moja iliyopita na hautakuwepo dakika chache zijazo. Umejengwa kwa safari hii, na vifaa vyake vitabomolewa vijenge mwingine.

Angalia pia ncha. Kabla punje hazijafika, hutokea kofia ndogo angavu, tupu kabisa. Ukiiona kofia hiyo ikichomoza ubavuni, jua kwamba baada ya sekunde chache mguu mpya utatokea hapo na huenda amiba akageuza njia.

Kuhusu mwendo: akienda mikromita 3 kwa sekunde, kuvuka duara la milimita 1.8 kutamchukua dakika 10. Anayetazama nusu dakika na kusema "hasogei" hakumpa nafasi.

Chembe nyeupe za damu yako hutambaa kwa njia ya jinsi hiihii kuelekea mahali palipoingia bakteria, ukijikata kidole kwa kisu cha samaki. Nalisema hili kila mara kwa sababu wanafunzi hudhani amiba ni kiumbe wa mtihani tu.

Na kuna kiduara kimoja angavu ndani yake kinachokua polepole kisha kutoweka ghafla. Hiyo ni vakuoli ya kutolea maji. Maji baridi huingia mwilini mwake bila kukoma, naye huyakusanya na kuyatupa nje, tena na tena, kila baada ya dakika chache.

## Hatua ya 7: Mngojee ale

Huwezi kumlazimisha, ila unaweza kumrahisishia. Kama kwenye chupa yako kuna viumbe wengi wenye vinyweleo, kama paramesiamu, weka tone dogo lao ukingoni mwa kioo kabla ya kupaka mafuta. Amiba aliyekaa kwenye chupa yenye chakula kingi huenda ameshiba. Mhamishie kwenye maji ya mvua matupu kwa siku moja kwanza.

Mlo huanza kwa utulivu. Windo likimgusa au likisimama karibu, miguu bandia miwili au zaidi hutoka pande zake, haigusi moja kwa moja, hulizunguka. Huundwa kama kikombe. Kisha kingo za kikombe hukutana, utando huungana, na windo hujikuta ndani pamoja na maji kidogo. Hicho ndicho kiduara cha chakula.

Usishangae windo likiendelea kuogelea humo kwa muda. Halijafa bado. Polepole asidi huongezeka ndani ya kiduara, halafu vimeng'enya humeng'enya chakula, na kilicho na faida hupenya kuingia kwenye saitoplazimu. Mabaki husafirishwa nyuma na kuachwa njiani amiba akiendelea na safari. Hana mdomo wala njia ya kutolea. Popote kwenye utando wake panaweza kuwa mlango kwa muda.

Dalili ya mafanikio: hata kama hukuwahi tendo lenyewe, tafuta viduara vyenye kitu cha kijani au cha kahawia ndani. Hao ni mwani na viumbe walioliwa awali. Kiduara kikiwa kijani kibichi, mlo ni wa karibuni. Kikigeuka hudhurungi, umeng'enyaji umeshafika mbali.

## Ukikwama

Kama unaona waogeleaji tu, chupa bado changa. Ngoja wiki nyingine, usiongeze mchele.

Kama kila amiba ni kidonge kisichofunguka, gusa jukwaa la hadubini kwa kidole. Taa za zamani hulichemsha. Zima taa dakika kumi, au tumia mwanga wa dirisha kwa kioo cha hadubini, lakini kamwe usielekeze kioo kwenye jua lenyewe, utaharibu jicho.

Kama amiba wote wamekufa baada ya kuongeza maji, yaonje maji hayo, ikiwa ni ya kunywa. Ukihisi chumvi, umepata jibu.

Kama chupa ilikuwa nzuri na sasa imeharibika, usiimwage yote. Hamishia kijiko cha tope kwenye chupa mpya yenye maji ya mvua na punje mbili. Fanya hivyo hata ikiwa haijaharibika, kila baada ya wiki tatu au nne.

## Kwa mwenye subira: miguu bandia ya baharini

Tukiwa kisiwani, si haki kuishia kwenye maji baridi. Juu ya majani ya bahari na mwani huishi foraminifera, seli moja moja zinazojijengea gamba, mara nyingi la chokaa. Miguu yao bandia ni nyuzi nyembamba zinazogawanyika na kuungana tena kuwa wavu, na wavu huo ndio unaonasa chakula.

Maji yakitoka, chukua jani moja au mawili ya bahari yaliyo na vijipunje vyeupe juu yake, uyatie kwenye chupa ya maji ya bahari ya palepale. Usichukue kitu ndani ya hifadhi ya baharini ya Kiunga, wala katika hifadhi ya Malindi kwa wasomaji wa huko, bila idhini.

Tikisa jani ndani ya bakuli la kioo lililo bapa, toa jani, acha vijipunje vitulie usiku kucha kwa maji ya bahari, kamwe yasiwe ya mvua. Asubuhi tazama kwa lenzi ya 4, mwanga ukiwa hafifu kuliko hata ule wa amiba. Tafuta gamba lililoshika kioo. Lililo tupu hujiviringisha ovyo bakuli likiguswa kidogo. Kuzunguka gamba lililo hai utaona nyuzi zimetandazwa. Kwenye uzi mmoja punje huenda nje na nyingine hurudi ndani kwa wakati mmoja.

Ukimaliza, rudisha jani na maji yake ufukweni ulikoyatoa. Chupa za maji baridi zimwage kwenye choo, uziloweke kwa maji yenye dawa ya klorini kwa nusu saa, uzisuuze mara kadhaa, kisha zianike.